Ephraimu Masikio na Laptop Iliyolala

Ukifika Engutoto, pale Arusha, ukamuulizia Ephraimu Kaaya, utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Muulizie Ephraimu Masikio, hata mama muuza ndizi atakuonyesha kwa kidole. Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa masikio, ingawa tukisema kweli hayakuwa madogo. Alilipata kiwandani.

Miaka hiyo mji ulikuwa na kiwanda cha redio. Ephraimu, kijana wa Kimeru aliyeteremka kutoka Nkoaranga na cheti chake cha darasa la saba, aliwekwa mwisho kabisa wa mstari, ndani ya kachumba kalikozungushiwa magodoro ili kelele zisiingie. Wenzake wanaunganisha, wanafunga skrubu, redio inamfikia yeye. Anaiwasha, anafumba macho, anasikiliza. Hii inakwaruza, irudi. Hii spika yake haijakaza, irudi. Hii iko sawa, ipite. Miaka kumi na minne mtu analipwa kwa kusikiliza, na mkewe Elizabeth alikuwa akisema ndiyo maana akifika nyumbani hasikii la mtu.

Kisha ikaja ruksa. Mipaka ikafunguliwa, redio za nje zikamwagika sokoni kwa bei ya kutupa, kiwanda kikaanza kupunguza watu. Na wa kwanza kupunguzwa alikuwa nani? Msikilizaji, bila shaka. Redio ikizaliwa mbovu si itatupwa tu, ya nini kumlipa mtu afumbe macho? Ephraimu akakusanya bisibisi zake, akajenga kibanda cha mbao kando ya barabara, akaanza upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wahunzi wa Arusha miaka hiyo walivunjikiwa makoleo wengi sana.

Akatengeneza redio. Televisheni zilipoingia akatengeneza televisheni, deki nazo zikafuata. Lakini ilipofika mwaka elfu mbili na nne, watu walikuwa wanapita na simu mkononi bila hata kugeuza shingo. Elizabeth alishamwambia mara nyingi: funga hicho kibanda, turudi mlimani tukapalilie migomba. Yeye anajibu, "Wiki ijayo." Wiki ijayo ya Ephraimu ilikuwa na mwaka na ushee.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imepumzika kidogo, mama mmoja akasimama mlangoni amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya khanga. Ungedhani ni mtoto.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Kaa hapo kwenye stuli, ila egemea kushoto, mguu mmoja ni mfupi."

Mama akaegemea kushoto. Alikuwa Mchaga wa Kibosho aliyeolewa akaja kuishi Maji ya Chai, anauza mbogamboga na maparachichi pale barabarani, na watu wote wanamwita Mama Agnela. Akaifungua khanga taratibu. Ndani mlikuwa na laptop ya kijivu, nene, ya zamani kidogo.

"Ni ya marehemu," akasema. "Baba Agnela. Alikuwa anarekodi ndege."

Ephraimu akatikisa kichwa kwa heshima. "Ndege za uwanja wa KIA?"

"Ndege wa Momela, fundi. Wenye manyoya."

Wakacheka kidogo wote wawili, na kicheko hicho kikawasaidia. Mama Agnela akaeleza. Mumewe Ludovick alifanya kazi hifadhini kule Momela, anawatembeza wageni. Mtafiti mmoja wa ndege kutoka ng'ambo alimpenda kwa utulivu wake, na alipokuwa anarudi kwao akamwachia ile laptop na kipaza sauti, amkusanyie milio ya ndege. Ludovick akawa anatoka alfajiri na mzigo wake begani. Kisha akaugua siku tisa tu, ya kumi wakamzika. Hilo lilikuwa miaka miwili iliyopita.

"Picha zake ninazo," akasema. "Uso naujua hata nikifumba macho. Ila sauti, fundi. Mwanzoni nilikuwa naisikia hata nikiwa shambani. Sasa nikiitafuta siipati. Namwona midomo inacheza, sauti haitoki. Hakuacha kaseti, hakuacha kitu. Mtu mwenyewe hakuwa wa maneno mengi. Nimebaki na hii tu. Nikasema nitaiwasha, nimsikie. Nikaiwasha, ikaanza kucheza-cheza, ikazimika."

"Umeipeleka kwa mtu mwingine?"

"Duka moja mjini. Wakaniambia haiponi mpaka waifomati. Nikauliza ndiyo nini hiyo, wakasema wanafuta kila kilichomo, inaanza upya. Nikaichukua nikaondoka."

Vijana wa fomati hao. Dawa yao ni moja tu. Kompyuta ikikohoa, fomati. Ikichelewa kuamka, fomati. Ni kuchoma nyumba kwa sababu umeona mende. Ephraimu alikasirika, lakini lililomtoka mdomoni lilikuwa la ukweli.

"Mama, sitakudanganya. Mimi ni fundi redio. Laptop nimetengeneza mbili tu, na zote zilikuwa na tatizo la waya wa chaji."

"Najua. Mjini waliiangalia. Nimeambiwa wewe unasikiliza."

Hapo mzee wa watu akashindwa kukataa. Akamwambia aiache, arudi kesho. Mama Agnela aliaga mara tatu, mara ya tatu akaugusa mfuniko wa laptop kwa kiganja, ndipo akaenda. Ephraimu akabaki amekaa, mikono juu ya mapaja, hana hamu ya kuigusa. Redio ya mtu ukiiharibu unamtafutia nyingine. Hii ukiiharibu umemzika mtu mara ya pili.

Akaiwasha. Jina la kampuni likatokea kwenye kioo, zuri, linasomeka. Halafu likaanza kutetemeka. Kioo kikafifia, kikarudi, kikafifia tena, mara giza. Akaizima, akaiwasha upya. Vilevile: jina, kutetemeka, giza. Akashika mfuniko akausogeza mbele na nyuma polepole, maana aliwahi kusikia kwamba waya wa kioo hupita kwenye bawaba na hukatika kwa kuchoka. Alipousogeza, kutetemeka hakukuzidi wala hakukupungua. Akawasha tochi, akaimulika kwenye kioo cheusi, akitafuta picha hafifu kwa ndani. Taa ya kioo ikifa, picha hubaki gizani na tochi huifichua. Hakuona picha. Aliuona uso wake tu, na haukumpa moyo.

Mchana akaibeba kwa jirani yake Aminieli, mwenye duka la intaneti lenye kompyuta tano, na ya tano ni ya kuweka vikombe. Aminieli alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake haukuwa na breki.

"Masikio, leo umeamua kuwa daktari wa macho?"

"Niazime monita, Aminieli."

Wakaiunganisha laptop na monita kubwa, lile nene la zamani lenye mgongo. Wakawasha. Kwenye monita jina la kampuni likaja bila kutetemeka hata kidogo. Likafuata lile dirisha la rangi, ukafuata mlio wa kukaribisha, na vitu vya Ludovick vikatokea juu ya picha ya ziwa. Ephraimu akasimama. Kabla hajafika kwenye meza vizuri, monita nalo likawa jeusi.

"Umeona," akasema Aminieli. "Kioo hakina shida. Imekufa ndani. Hapa ni kuifomati tu."

"Ukilitamka tena hilo neno nitakuacha na monita lako."

Aminieli akageuka kufuta vumbi kwenye monita. Na hapo Ephraimu akagundua kwamba tangu asubuhi alikuwa amefanya kazi ya watu wengine. Alikuwa ameangalia, ameangalia, ameangalia. Hakuna aliyewahi kumlipa kwa kuangalia.

"Zima redio," akasema. "Na hilo feni lako. Na wewe usipumue sana."

Akainamisha kichwa, sikio juu ya vitufe, akafumba macho kama zamani ndani ya magodoro. Akabonyeza. Feni ndogo ikaanza. Diski ikaamka, ikapanda mlio, ikatulia kwenye mlio wake. Ikakwaruza kidogo kidogo, inasoma. Mlio wa kukaribisha ukaja. Kisha diski ikateremka. Ephraimu akainua kidole Aminieli asiongee. Ikateremka polepole, hatua kwa hatua, kwa adabu, mpaka ikanyamaza. Feni ikafuata.

Kitu kinachokufa hakifi hivyo. Alikuwa amezisikia redio nyingi zikifa: zinakatika ghafla, au zinapiga kelele kwanza. Hii ilikuwa imejishusha yenyewe, kama mtu anayekaa kitandani, anavua viatu, anajilaza. Akafumbua macho. Pembeni, kwa chini, palikuwa na kataa kadogo ka rangi ya chungwa. Kalikuwa kanawaka na kufifia, kanawaka na kufifia.

"Aminieli, hii haijafa. Inalala."

"Inalala vipi wakati ndiyo kwanza imeamka?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Ya kwako inalala wakati gani?"

Aminieli akavuta laptop yake, akafikiri. "Nikiifunika," akasema, akaufunga mfuniko, na ya kwake ikateremsha mlio uleule, kwa adabu ileile. Wakatazamana. Hii ya marehemu ilikuwa wazi mbele yao, lakini yenyewe ilikuwa inaamini imefunikwa. Sasa inajuaje kama imefunikwa au haijafunikwa? Wakaichunguza ya Aminieli inchi kwa inchi, na karibu na bawaba wakakikuta: kaswichi kadogo mno, kamechomoza kidogo, mfuniko ukishuka unakabonyeza. Ephraimu akakabonyeza kwa ncha ya kalamu. Kioo cha Aminieli kikazimika. Akakaachia, kikawaka.

Wakahamia kwa mgonjwa. Kaswichi ka upande uleule, kweli kapo, lakini hakakuchomoza. Kalikuwa kamezama nusu, hakaendi chini wala hakaji juu. Ndiyo maana kioo kilikuwa kinatetemeka: swichi yenyewe haijaamua. Ephraimu akaleta kioo cha kukuzia na kibanio chembamba, akashika pumzi, akavuta. Ukatoka uzi mweupe. Akavuta tena, ukaja mwingine, mrefu, umejiviringisha kuzunguka kaswichi mpaka chini. Uzi wa kufumia, wa pamba, safi kabisa. Swichi ikaruka juu yenyewe.

Aliiwasha ikawaka na kukaa. Ikakaa dakika tano, ikakaa kumi, ziwa la Ludovick linang'aa kwenye kioo cha laptop yenyewe. Aminieli akafurahi, akataka wafungue mafaili wasikilize. Ephraimu akakataa katakata. Hakuwa yeye wa kusikia kwanza. Ila uzi ule aliukunja akauweka kwenye kiganja, na furaha yake ikaingia mchanga, kwa sababu alikuwa ameshaelewa umetoka wapi.

Nani Arusha nzima asiyejua? Ingia nyumba yoyote yenye mama. Redio ina kitambaa chake. Televisheni ina kitambaa chake, kwenye kila kochi kuna vitatu, kwenye stuli kimoja, na jagi la maji lina kake kenye shanga pembeni. Kitu unachokithamini unakifumia kitambaa. Na kitu unachokithamini kupita vyote utakifumia kizuri kupita vyote.

Asubuhi ya pili Mama Agnela alifika kabla hata kibanda hakijafunguliwa. Ephraimu akamkalisha, naye akaegemea kushoto. Fundi mwingine angesema, "Mama, kikulacho ki nguoni mwako," akacheka, akaona amesema la maana. Methali ilimfika Ephraimu mpaka kwenye ulimi, akaimeza.

"Mama, nyumbani ulikuwa unaiwekaje?"

"Vizuri kabisa. Juu ya kabati, naifunika kitambaa. Na kingine nimekifuma chembamba, naweka ndani kabla sijaifunga, ili kioo kisigusane na vile vitufe kikachubuka. Vile tunavyopanga sahani za wageni." Akaona uso wa Ephraimu. "Kwani?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. Lakini angemdanganya, angerudi nyumbani akakiweka tena kile kitambaa. Akamwonyesha uzi, akamwonyesha swichi, akamweleza.

Mama Agnela akauchukua uzi, akauzungusha kwenye kidole. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye nilimzima."

"Hukumzima, mama. Ulimfunika, naye akalala. Ndivyo anavyofanya mtu yeyote akifunikwa vizuri." Akagonga mfuniko wa laptop kwa kidole. "Cha juu endelea nacho, hakina neno. Cha ndani tu ndiyo usiweke."

Mama Agnela akafuta macho kwa pembe ya khanga. Ephraimu akaiwasha laptop mbele yake, wakaangalia pamoja ikiamka. Mafaili yalikuwa mengi, zaidi ya mia, yote yameandikwa tarehe na jina la ndege. Akabonyeza la kwanza.

Hondohondo. Sauti kubwa ya kishindo, mabawa yanavuma, wanajibizana. Wakasikiliza hadi mwisho. Akabonyeza la pili: kwarara. La tatu: vyura na maji. La nne, la sita, la kumi na moja. Ndege, ndege, ndege. Ludovick alikuwa mrekodi safi mno, hakukohoa, hakusema neno, alijiondoa kabisa asije akawaharibia ndege wake. Mama Agnela alikuwa ameinama mbele mwanzoni. Kidogo kidogo akarudi nyuma.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Anaingia ndani hata humsikii." Akaanza kuikunja khanga juu ya magoti, pembe kwa pembe. "Si neno, fundi. Umenifanyia kazi kubwa. Nitakuwa nasikiliza ndege wake."

Ephraimu aliinamisha sikio kwenye spika. Alikuwa amefumba macho. "Subiri," akasema. "Hapo mwisho." Akarudisha lile la kumi na moja, sekunde zake za mwisho, akaongeza sauti mpaka spika zikaanza kuvuma. Ndege wakaruka. Nyasi zikalala chini ya buti. Na kabla ya mlio wa kuzimwa, mtu akatoa pumzi. Ndefu, kupitia puani. Pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana muda wote huo.

Mama Agnela akaacha kukunja.

"Ndege hawatoi pumzi hivyo," akasema Ephraimu. "Alikuwa anajizuia mpaka afike kwenye kitufe. Mtu hawezi kujizuia kila siku. Tutafute siku aliyosahau."

Wakaacha kusikiliza mianzo, wakawa wanasikiliza miisho. Faili baada ya faili: buti, pumzi, kuzimwa. Buti, kikohozi kidogo, kuzimwa. Jua likahama kutoka mlangoni mpaka kwenye rafu. Mteja mmoja alikuja na redio, akaambiwa arudi baadaye, na hilo halikuwahi kutokea kwenye kibanda kile. Wakafika faili la mwisho kabisa. Mama Agnela alisoma tarehe yake, akaihesabu kwenye vidole. Wiki mbili kabla hajaugua. Jumamosi, siku ya soko Tengeru.

Haikuwa Momela. Ephraimu alijua kabla ya kuambiwa, maana kulikuwa na kuku, na lori linapanda barabara kuu mbali. Hondohondo walikuwa karibu sana, wanagombana, na kitu laini kinadondoka chini, pu, pu. Wakaendelea dakika tatu nzima. Halafu mabawa, wote kwa pamoja, na kimya.

Pumzi. Na baada ya pumzi, badala ya kuzimwa, kicheko cha chini cha mtu aliye peke yake.

"Mama Agnela!" Ilikuwa sauti ya kiume, nzito kidogo, haina haraka. "Njoo uone walivyomaliza mapapai yako."

Kuku. Upepo kwenye migomba. Hakuna aliyejibu, kwa sababu Jumamosi ile nyumba ilikuwa haina mtu, mwenyewe alikuwa sokoni. Hatua mbili tatu kwenye kokoto, kama mtu anayekwenda kuchungulia mlangoni. Kisha akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi, ya mtu anayedhani mkewe yuko hapo ndani tu.

"Mama Agnela."

"Abee," akaitika pale kibandani, naye tayari amesimama.